Misitu, Mto, Mikoko na Bahari ya Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kwenye mikutano ya mitaa, shuleni, kwenye mialo ya wavuvi na hata ndani ya daladala mvua kubwa inapofunga barabara ya Jangwani. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yenye kona. Kila jibu linajitosheleza, na jambo lililokwisha kuelezwa kwingine tumeliwekea namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Bayoanuwai ni nini?

Ni wingi na utofauti wa viumbe hai mahali fulani: mimea, wanyama, samaki, wadudu, kuvu na vijidudu tusivyoviona kwa macho. Utofauti huo una ngazi tatu. Upo ndani ya aina moja ya kiumbe, ndiyo maana dodo na bolibo hazifanani ingawa zote ni embe. Upo kati ya aina na aina: mkoko si mchu, changu si tasi. Na upo kati ya mazingira na mazingira. Ukitoka asubuhi msitu wa Pugu, ukapita kwenye tope la mikoko ya Mbweni na kumalizia kwenye matumbawe ya Mbudya, umepita mazingira matatu yenye wakazi tofauti kabisa bila kulala njiani.

2. Na mfumo ikolojia?

Ni viumbe hao pamoja na maji, udongo, hewa na jua vinavyowaweka hai, na namna wanavyotegemeana. Chukua jani moja la mkoko pale Kunduchi. Linaanguka topeni, kaa analivuta hadi shimoni kwake na kulitafuna. Mabaki yanalainishwa na kuvu na bakteria, kamba wachanga wanayala, samaki wanawala kamba, na baada ya muda mvuvi anashusha samaki soko la Feri. Mashimo ya kaa nayo yanapitisha hewa na maji topeni, na mizizi ya mkoko inanufaika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kumsaidia mwenzake, lakini ukimtoa mmoja, wengine wote wanalisikia pengo.

Mfumo wa namna hii huvumilia misukosuko na kujirudi: dhoruba, ukame, uvunaji wa kiasi. Uvumilivu huo una mpaka. Ukivukwa, mfumo hauishii kudhoofika tu, unageuka kuwa kitu kingine. Mwamba wa matumbawe unakuwa kifusi kilichofunikwa na mwani, msitu unakuwa kichaka cha nyasi kinachoungua kila kiangazi. Kuurudisha ulivyokuwa huchukua miongo, na mara nyingine haiwezekani.

3. Dar ni jiji la zege na magari. Kuna viumbe gani wa kulinda?

Swali hili huulizwa na watu waliozaliwa na kukulia hapa, na majibu yake huwashangaza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani, na pamoja na wingi huo jiji limekaa katikati ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ukanda unaotambulika duniani kwa kuwa na viumbe wengi wasiopatikana kwingine huku ukiwa umebakiwa na eneo dogo sana.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni mojawapo ya sehemu chache sana duniani anapoishi komba wa Rondo. Huyu ndiye mdogo kuliko komba wote: ana gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na mkia wenye manyoya yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Hutoka usiku kutafuta wadudu na matunda. Ukisimama ukingoni mwa msitu giza likishaingia, macho yake yanawaka kwenye mwanga wa tochi, kisha yanaruka tawi jingine kabla hujanyoosha kidole kumwonyesha mwenzako. Watu wanaolala kilomita 30 kutoka Posta ni majirani wa mnyama aliye kwenye hatari kubwa ya kutoweka, na wengi wao hawajawahi kusikia jina lake.

Kwa ndani zaidi kuna Pande, karibu na Mbezi. Baharini kuna visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na fungu la Yasini. Kando ya vijito vya Kunduchi, Mtoni, Kigamboni na Mbweni ipo mikoko.

4. Mimi naishi Manzese, nanunua unga dukani na maji nalipia bili. Msitu unanihusu nini?

Anza na hayo maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar hutoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Ruvu huanzia milima ya Uluguru, Morogoro, ambako msitu unakinga mawingu yatokayo baharini, unapokea mvua na kuiachia polepole ardhini. Ndiyo maana mto unatiririka hata miezi ambayo mvua hainyeshi. Msitu ukifyekwa na mlima kulimwa hadi kileleni, mvua ileile hushuka kwa siku chache ikiwa tope, halafu kiangazi mto unabaki mwembamba. Oktoba 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ikapungua, na jiji likaingia kwenye mgawo. Walionunua ndoo kwa bei ya juu wiki zile wanakumbuka. Bwawa linahifadhi maji yaliyofika, ila udongo usiposhikwa na miti huko juu, bwawa nalo hujaa mchanga.

Halafu kuna chakula. Ubuyu unaouzwa kwenye vipakiti umetoka kwenye mti ambao maua yake hufunguka usiku na kuchavushwa na popo. Mabungo ya juisi yanatoka kwenye mtambaa wa misitu yetu ya pwani. Korosho na maembe ya Mkuranga na Kisarawe yanahitaji nyuki, nzi na sisimizi ili yashike. Kivuli, upepo unaopoa, dawa za mitishamba na samaki wa kukaanga pia vimo kwenye hesabu hiyo. Hakuna risiti ya huduma hizi, kwa hiyo ni rahisi kudhani hazina gharama hadi siku zinapokosekana.

## Mto Msimbazi na mafuriko

5. Kwa nini Msimbazi hufurika hivi kila mvua kubwa?

Kwa sababu bonde ni la mto. Jangwani na maeneo ya jirani ni uwanda wa mafuriko: kazi yake ya asili ni kupokea maji yanayozidi, kuyatandaza, kuyapunguza kasi na kuyaacha yazame au yaende baharini taratibu. Sisi tumejenga ndani yake, kisha tukaufanya ukingo wa juu ushindwe kunyonya maji.

Mto huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Miti ikipungua huko juu, na viwanja vya Tabata, Segerea, Ukonga na Kinyerezi vikifunikwa kwa bati, lami na pevingi, mvua inafika mtoni kwa saa chache badala ya siku. Inakuja na mchanga wa kwenye kingo zilizochimbwa na taka zilizotupwa kwenye mitaro. Mchanga unajaza kitanda cha mto na taka zinaziba makaravati, hivyo mto unabeba maji machache kuliko zamani huku ukiletewa mengi zaidi.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wasiopungua 40 jijini. Baada ya hapo maji yamerudi mara nyingi, na karakana ya mabasi yaendayo haraka ya Jangwani imezama zaidi ya mara moja. Kuongezeka kwa mvua kubwa za ghafla kutokana na mabadiliko ya tabianchi kunazidisha tatizo, lakini hata mvua za zamani zingetuzamisha leo kwa jinsi bonde lilivyobadilishwa.

6. Mradi wa Bonde la Msimbazi una uhusiano gani na viumbe? Si ni wa barabara na madaraja?

Daraja jipya la Jangwani limo, na fidia za wakazi wa bondeni zimo. Mradi huo wa Dola za Marekani milioni 260, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, Uholanzi na Hispania, una pia sehemu ya kuurudishia mto nafasi yake: kupanua njia ya maji, kufanya bonde la chini kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika, na kurejesha mikoko mdomoni mwa mto. Kwa maoni yetu sehemu hiyo ndiyo itakayoamua kama daraja litadumu. Na haitafanikiwa kama kingo za juu, kuanzia Pugu hadi Kinyerezi, zitaendelea kumomonyoka.

7. Mchicha wa bondeni ni salama?

Inategemea maji yaliyoumwagilia. Uchunguzi wa mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi umekuta metali nzito kama risasi, na maji yenyewe hupokea majitaka ya nyumbani na ya viwandani. Kuosha vizuri na kupika kunaondoa vijidudu, metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiondoki. Muulize muuzaji mboga imetoka wapi. Hatuwalaumu wakulima wa bondeni, ndio wanaolisha jiji kwa mboga mbichi za bei nafuu. Wa kubanwa ni wanaofungulia uchafu wao mtoni.

## Mikoko na bahari

8. Mikoko ina kazi gani hasa, zaidi ya boriti?

Inapunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Inanasa tope la mito lisiende kuziba matumbawe. Ni kitalu cha kamba, kaa na samaki wengi ambao wakikua huvuliwa mbali na hapo. Inahifadhi kaboni nyingi kwa ekari kuliko misitu mingi ya bara, kwa kuwa tope lisilo na hewa linazuia majani na mizizi kuoza upesi.

Mikoko si mti mmoja, na kila mmoja una ufundi wake. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama upinde. Mchu husukumia juu mizizi midogo iliyosimama wima topeni ili upumue maji yakipwa, na hutoa chumvi kupitia majani: shika jani lake mchana wa jua kali, lilambe, utaonja bahari. Mkandaa gome lake lilitumika kutia rangi ngozi na nyavu. Msinzi, mkomafi, mlilana, msikundazi na kikandaa kila mmoja unapenda kina chake cha maji na chumvi yake. Kumbuka hilo, litarudi swali la 9.

9. Tulipanda mikoko mamia, ikafa karibu yote. Tulikosea wapi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa na vikundi vingi vya vijana na vya ufukweni, na wengi wao walifanya kazi kwa moyo safi. Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni mahali. Kikundi hupewa eneo la wazi la tope, mara nyingi chini sana upande wa bahari, kwa sababu ndilo lisilo na mgogoro. Lakini kama hapajawahi kuota mkoko, pana sababu. Pengine maji yanafunika mche saa nyingi mno, pengine mawimbi yanautikisa kabla haujashika. Chaza wadogo na kome nao hujikusanya kwenye shina hadi linalala. Kabla ya kupanda, nenda maji yakiwa bamvua (yanapojaa na kupwa sana) na yakiwa mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), uone yanafika wapi na yanakaa muda gani.

Ya pili ni kupanda aina moja. Mbegu ya mkoko ni rahisi kukusanya kwa sababu huota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia ndefu na ya kijani, kisha inadondoka na kuchoma tope ikiwa tayari ni mche. Basi vikundi hupanda hiyo peke yake kila mahali, hata sehemu ya mchu au mkandaa.

Ya tatu ni kusahau maji. Barabara ndogo, ukuta au kifusi kikikata njia ya maji kupwa na kujaa, mikoko ya nyuma yake hufa hata ile mikubwa. Ukifungua mfereji ukarudisha mkondo, mara nyingi mbegu huja zenyewe na kuota bila kupandwa. Ushauri wetu ni kwamba fedha za kununua miche elfu zitumike kwanza kufungua maji na kuzuia taka, halafu mpande pale tu mbegu zisipofika zenyewe.

10. Samaki wa karibu wamekwenda wapi? Zamani tulivua changu kwa ngalawa mbele ya ufukwe.

Wazee wa Msasani na Kunduchi husema hivyo, na wanasema kweli. Baruti ni sababu moja. Kwa miaka mingi pwani ya Tanzania ilisikika milipuko, na kila mlipuko unaua samaki wakubwa na watoto na kuvunja matumbawe yaliyochukua miongo kukua. Kifusi chake hutikiswa na mawimbi, kwa hiyo tumbawe changa halipati pa kushika. Operesheni za kuanzia mwaka 2016 zilipunguza sana milipuko, lakini mwamba haurudi kwa kasi ya operesheni.

Kokoro, wavu unaoburuzwa chini, nalo hukwangua majani ya bahari. Malisho hayo ndiyo makazi ya tasi na pono, na ndiyo chakula cha kasa. Kisha kuna joto: maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, matumbawe hufukuza mwani mdogo sana unaoishi ndani yao na kuyalisha, yakabaki meupe, na joto lisiposhuka yanakufa. Mwaka 1998 jambo hilo liliipiga Bahari ya Hindi yote ya magharibi.

Sababu isiyotajwa sana ni kuvua samaki wenye kazi maalumu. Kikande hula wale viumbe weusi wa miiba mirefu wanaochoma miguu. Kikande akiisha, wenye miiba huongezeka na kuutafuna mwamba hadi uchakae. Mvuvi anaona samaki mmoja kwenye ndoano, kumbe mwamba umepoteza mlinzi.

11. Mbona mnawazuia wavuvi Bongoyo na Mbudya halafu watalii wanaruhusiwa?

Maeneo haya yalitangazwa kuwa hifadhi tengefu mwaka 1975, na mwaka 2007 visiwa vya upande wa kusini kama Sinda vikaongezwa. Hoja ya kisayansi ni nzuri: samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa wakijumlishwa, na mayai na makinda hubebwa na mkondo hadi nje ya hifadhi, kwenye maji ya mvuvi.

Lakini manung'uniko ya wavuvi yana haki yake. Mtu aliyenyang'anywa eneo la babu yake anaona boti za matembezi zikishusha nanga juu ya matumbawe, na hajui kiingilio kinakwenda wapi. Pale ambapo wavuvi wenyewe wamepanga ufungaji, kama wa miamba ya pweza Songo Songo, Mafia na Kizimkazi, mambo huenda vizuri zaidi. Pweza hukua upesi, hivyo mwamba uliofungwa kwa miezi michache hufunguliwa ukiwa na pweza wazito, na kila mtu anaiona faida kwenye mizani. Tungependa kuona vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya Dar vikipewa nguvu ya namna hiyo.

12. Ufukwe wetu unaliwa na bahari. Ni tabianchi?

Kwa sehemu. Kina cha bahari kinapanda, ila Kunduchi ilianza kumomonyoka miongo kadhaa iliyopita, na chanzo kimojawapo kilikuwa mchanga uliochimbwa mitoni, kama Mto Tegeta na Mto Mbezi, kwa ajili ya ujenzi. Mto ndio unaoleta mchanga ufukweni. Ukiuchimba juu, bahari inaendelea kuchukua wake bila kurudishiwa. Ukuta wa zege huokoa kiwanja chako na kuhamishia mmomonyoko kwa jirani.

## Misitu na mkaa

13. Gunia langu moja la mkaa linaumiza nini?

Dar inakadiriwa kutumia takribani nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia misitu kuzunguka jiji kati ya 1991 na 2005 na kuona uharibifu ukitembea kwa mawimbi. Wimbi la mbele lilifuata magogo ya thamani kubwa kama mvule na mkongo, likasogea kilomita 9 kwa mwaka. Nyuma yake likaja la mbao za bei ya chini, na mwisho mkaa, ambao hauchagui mti, ukisogea kilomita 2 hivi kwa mwaka. Kadiri unavyokaribia jiji, ndivyo aina za miti zinavyopungua.

Mama lishe wa Buguruni hatuwezi kumwambia aache mkaa kesho. Gesi inamtaka alipe fedha nyingi kwa mara moja, mkaa unauzwa kwa kopo. Mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na ufunguo wake ni gesi au umeme unaolipiwa kidogokidogo kama kopo la mkaa. Wenye uwezo wa kuhama leo wahame leo, maana kila jiko linaloachwa linapunguza mwendo wa wimbi hilo.

14. Mti ukikatwa si unapandwa mwingine?

Shamba la mikaratusi lina faida zake, likiwemo la kutoa nguzo na kuni ili msitu wa asili upumue. Ila si msitu. Lina mti mmoja wenye umri mmoja, na komba wa swali la 3 hana cha kula humo. Msitu wa pwani una miti, mitambaa, uyoga na wadudu waliozoeana kwa maelfu ya miaka. Ukiuacha bila moto na shoka, visiki vingi huchipua vyenyewe. Kwa hiyo pale kisiki kilipo hai, kulinda ni rahisi na bora kuliko kupanda.

15. Aina moja ya kiumbe ikipotea, kuna hasara gani?

Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi hatujui mpaka ipotee. Chukulia chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, akiishi kwenye eneo la hekta 2 hivi lililokuwa likinyunyiziwa na maporomoko ya maji. Ni mdogo, wa rangi ya manjano, na hazai mayai bali vitoto kamili. Bwawa la umeme lilipochepusha maji, manyunyu yakakauka, ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini.

Alinusurika kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa kufugwa Marekani. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege hadi kituo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako mitambo inanyunyizia maji badala ya maporomoko. Fikiria gharama ya mabomba, wataalamu na safari hizo zote, kwa kazi iliyokuwa ikifanywa na mto wenyewe.

## Viumbe wanaosumbua

16. Kunguru nao ni bayoanuwai? Mbona mnataka waondolewe?

Kunguru hawa wa kijivu shingoni ni wageni. Waliletwa Zanzibar kutoka India mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili wasaidie kula takataka, wakavuka hadi bara. Wanakula mayai na makinda ya ndege wa hapa, wanabeba vifaranga uani, na wamemsukuma nje ya mji kunguru wetu wa asili mwenye shingo nyeupe. Mitego na sumu maalumu vimetumika Dar, wakapungua, kisha wakaongezeka tena. Usitege sumu mwenyewe, utaua mwewe na paka wa jirani. Chakula chao ni taka zetu, na dampo na mapipa yakibaki wazi wataendelea kuzaana.

17. Popo je? Wanaleta magonjwa.

Popo wa matunda huchavusha mbuyu na kusambaza mbegu za mvule, na popo wa mapangoni Pugu wanakula wadudu. Wanaweza kubeba virusi, kwa hiyo usiwashike kwa mikono mitupu, usile tunda walilolitafuna, na usiingie mapangoni kuwasumbua. Kukata mti wanaolala huwatawanya na kuwaleta karibu zaidi na watu.

18. Mbu wakitoweka wote, si tutapona?

Aina za mbu ni nyingi, na zinazoambukiza binadamu ni chache. Wale wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar mwaka 2014 na 2019, hawahitaji kinamasi: wanazaliana kwenye tairi, kopo na ndoo nyuma ya nyumba, na huuma mchana. Kumwaga dawa kinamasini huua kerengende, vyura na samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Mwaga maji yaliyosimama uani kwako kila wiki. Hilo halimuumizi kiumbe mwingine yeyote.

19. Mwarobaini ni mti wa asili?

Hapana, asili yake ni Bara Hindi. Mkorosho ulitoka Brazil na mkrismasi Madagaska. Mti mgeni si lazima uwe adui, mkorosho unalisha familia nyingi. Tatizo huanza mgeni anapojisambaza mwenyewe na kufunika wenyeji, na mwarobaini una tabia hiyo kwenye baadhi ya vichaka vya pwani. Uache uani, usiupeleke msituni.

## Sheria na kona ngumu

20. Nina kiwanja kando ya mto na nina karatasi za mauziano. Sheria ya mita 60 inanihusu?

Ndiyo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Karatasi ya mauziano haikuondolei katazo hilo. Kabla ya kununua, pima kwa futi kamba wewe mwenyewe, kisha uulize ofisi ya ardhi na afisa mazingira wa manispaa. Kama ulishajenga, tafuta ushauri wa kisheria mapema, kabla ya alama ya X kuwekwa ukutani.

21. Nimeona watu wanakata mikoko au wanachimba mchanga. Nimwambie nani?

Mikoko na misitu ya hifadhi: Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Uchafuzi na uchimbaji mtoni: ofisi ya NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, au afisa mazingira wa manispaa. Baharini: kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo au ofisi ya Hifadhi za Bahari. Kote, serikali ya mtaa ijulishwe. Andika tarehe, saa na mahali, na usiwakabili mwenyewe.

22. Nimepata kiwanja cha 20 kwa 20 Chanika. Nipande nini?

Kwanza tembea ukiangalia kilichopo. Kama kuna mkwaju, mkuyu au mkongo mchanga, mchoree fundi ramani inayoupisha. Trekta la kusafisha eneo huondoa kwa asubuhi moja kile ambacho hutakiona tena ukiwa hai.

Mkuyu hulisha ndege wengi lakini mizizi yake ni mikali, uwe mbali na karo na msingi. Mkwaju hukua taratibu na hudumu. Ukitaka matunda ya haraka, embe na mpapai ni sawa, wachavushaji watakushukuru. Mbungo unaweza kupanda juu ya mti mkubwa. Chini, acha angalau theluthi ya kiwanja bila pevingi ili mvua izame, na weka majani makavu kwenye mashina badala ya kuyachoma. Epuka dawa za wadudu wakati maua yamefunguka. Na mtaro wa mbele usiuzibe kwa kifusi cha ujenzi, maji yake yanakwenda mtoni (rudi swali la 5).